Acheni Kumpa Pole Viktor Korchnoi

Kuna sifa moja iliyomfuata Viktor Korchnoi tangu akiwa hai, na bado inamfuata baada ya kuzikwa: kwamba katika wachezaji wa sataranji ambao hawakuwahi kuwa mabingwa wa dunia, yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alipofariki huko Wohlen, Uswisi, tarehe 6 Juni 2016, akiwa na umri wa miaka 85, sifa hiyo ilirudiwa tena na tena. Wanaoitoa hudhani wanamtukuza. Kwa kweli wanampa pole. Wanamchukua mtu aliyecheza katika ngazi ya juu kwa zaidi ya nusu karne, wanaanza na kile alichokikosa, kisha wanasikitika kwa niaba yake.

Masikitiko hayo hayana msingi, na hesabu yake ni mbovu. Korchnoi alitwaa ubingwa wa vijana wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947. Mwaka 2011 alitwaa ubingwa wa taifa wa Uswisi. Kati ya ushindi huo wa kwanza na huu wa mwisho kuna miaka 64, na katika muda wote huo mechi zake mbili za kuwania taji la dunia zilichukua, kwa jumla, miezi isiyofika mitano. Vipi miezi mitano imeachiwa kuitolea hukumu miaka 64?

Wanaompa pole hulizungumzia taji kana kwamba ni mizani isiyokosea. Basi na tulitazame taji lenyewe. Mwaka 1974, jijini Moscow, Korchnoi alikutana na Anatoly Karpov katika fainali ya wagombea, mechi ya kumpata mpinzani wa bingwa wa wakati huo, Bobby Fischer. Korchnoi alikuwa na miaka 43, Karpov 23. Walicheza michezo 24. Karpov alishinda mitatu, Korchnoi miwili, na 19 ilikwisha kwa sare. Baadaye Fischer alitoa masharti, Shirikisho la Sataranji la Dunia halikuyakubali yote, naye akakataa kucheza. Aprili 1975 Karpov alitangazwa bingwa wa dunia bila kusogeza hata askari mmoja mbele ya Fischer. Kwa maneno mengine, mechi ile ya Moscow iligeuka kuwa ndiyo iliyotoa ubingwa, ingawa waliokuwa wakiicheza hawakuwa na habari. Tofauti kati ya bingwa wa 12 wa dunia na huyu anayehurumiwa ilikuwa mchezo mmoja.

Karpov alistahili kuwa bingwa. Aliyathibitisha hayo kwa kuingia kwenye mashindano makubwa mwaka baada ya mwaka na kuyashinda, jambo ambalo mabingwa kadhaa waliomtangulia hawakulifanya kwa bidii kama yake. Hoja hapa haimhusu Karpov. Inahusu ujinga wa kuamini kwamba mchezo mmoja kati ya 24 unaweza kuwagawa watu wawili, mmoja akaenda kwenye historia na mwingine kwenye msiba.

Mtazame Mikhail Tal. Alitwaa taji kwa Mikhail Botvinnik mwaka 1960, akalirudisha kwa Botvinnik huyohuyo mwaka 1961. Vasily Smyslov naye alilishika kwa mwaka mmoja tu, kuanzia 1957. Hakuna mpenzi wa sataranji anayempenda Tal kwa sababu ya miezi ile kumi na mbili. Anapendwa kwa michezo yake, kwa namna alivyotoa kafara kete zake na kumwacha mpinzani akitafuta njia ya kutokea. Na huyo Tal, katika mikutano yao yote kwa miaka mingi, aliburuzwa na Korchnoi kwa tofauti kubwa. Tal aliposhambulia, Korchnoi alipokea kafara, akala kete aliyopewa, akajilinda hatua kwa hatua, kisha akashinda. Kama Tal anahukumiwa kwa michezo yake, Korchnoi naye ahukumiwe kwa yake.

Kisha kuna Baguio. Hakuna mechi ya ubingwa iliyosimuliwa vibaya kama hii. Ilichezwa nchini Ufilipino kuanzia Julai hadi Oktoba 1978, kati ya Karpov bingwa na Korchnoi ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameukimbia Umoja wa Kisovieti. Wengi wanachokijua kuhusu mechi hiyo ni kikombe cha mtindi alicholetewa Karpov mchezo ukiendelea, ambacho upande wa Korchnoi ulilalamika kuwa huenda kinabeba ujumbe wa siri. Wanajua habari za Vladimir Zukhar, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa akikaa ukumbini na kumkazia macho Korchnoi. Wanajua kuhusu miwani ya Korchnoi iliyong'aa kama kioo, na kuhusu wafuasi wawili wa madhehebu ya Ananda Marga waliokuja kumsaidia. Visa hivyo ni vya kweli. Lakini vimeila mechi yenyewe mpaka haionekani tena.

Kilichotokea ubaoni ni hiki. Kanuni ilisema mshindi ni yule atakayetangulia kupata ushindi sita, sare hazihesabiwi. Baada ya mchezo wa 17 Karpov alikuwa ameshinda mara nne, Korchnoi mara moja. Mchezo huo wa 17 ulimuumiza sana, kwa sababu saa yake ilikuwa imekaribia kuisha na mfalme wake akanaswa na farasi wawili wa Karpov. Baada ya mchezo wa 27 ilikuwa tano kwa mbili. Karpov alihitaji mchezo mmoja tu. Mtu wa miaka 47, baada ya zaidi ya miezi miwili kwenye milima ya Ufilipino, mbali na familia yake iliyobaki upande wa pili wa pazia la chuma, angeruhusiwa na kila mtu kuchoka. Korchnoi alishinda mchezo wa 28. Akashinda wa 29. Wa 30 ukawa sare. Wa 31 ulishuka hadi kwenye hatua ya mwisho, ngome kwa ngome na askari wachache, eneo ambalo Korchnoi alilisoma maisha yake yote mpaka akaliandikia kitabu. Akashinda tena. Tano kwa tano.

Alishindwa mchezo wa 32, na mechi ikaisha. Wanaomhurumia husimulia mchezo huo peke yake. Lakini ni nani mwingine, katika historia nzima ya mechi za ubingwa, aliyekuwa nyuma kwa tano kwa mbili mbele ya bingwa aliye kwenye kilele cha nguvu zake, akamchapa mara tatu katika michezo minne? Anayemwona Korchnoi wa wiki hizo kama mtu wa kuhurumiwa hajautazama ubao.

Kuna kundi la pili, nalo linajiona ni la marafiki zake. Hawa husema hakushindwa, aliibiwa. Watataja dola ya Kisovieti na nguvu zake zote, Zukhar na macho yake, waamuzi, viongozi wa shirikisho. Baadhi ya wanayoyasema yana ukweli mzito. Baada ya fainali ya 1974 Korchnoi alitoa maneno makali kuhusu Karpov katika gazeti la Yugoslavia, akazuiwa kusafiri nje na posho yake ikapunguzwa. Alipoomba hifadhi ya kisiasa Uholanzi mwaka 1976, mara tu baada ya mashindano ya Amsterdam, wachezaji wa Kisovieti waliacha kwenda kwenye mashindano aliyoalikwa, hivyo waandaaji wengi wakaacha kumwalika. Mkewe na mwanawe walizuiwa kuondoka. Mwanawe alipokataa kuingia jeshini alifungwa, na alikuwa bado kifungoni baba yake alipoketi tena mbele ya Karpov mwaka 1981 huko Merano, Italia. Hiyo ilikuwa dhuluma, na waliotenda hawana cha kujitetea.

Hata hivyo, kutoka dhuluma hiyo hadi kusema taji liliibwa ni mruko mkubwa. Huko Merano Karpov alishinda michezo sita, Korchnoi miwili. Karpov alicheza vizuri zaidi, na ushindi ule ulikuwa wake. Korchnoi mwenyewe hakuwa mwepesi wa kukiri mambo haya. Alimlaumu Zukhar, aliwalaumu viongozi, alilaumu mengi, na wapo wanaomrushia ule msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika hili la lawama wana haki, maana malalamiko yake mengi ya Baguio yalimpunguzia heshima bila kumwongezea pointi. Lakini wanaomtetea kwa hadithi ya wizi hawamsaidii. Wao na wale wa masikitiko wamesimama mahali pamoja: wote wanaamini kwamba maisha yake yana maana moja tu, taji, na wanachobishania ni kama alilikosa kwa udhaifu au kwa kudhulumiwa.

Wa tatu ni wale wanaodai kwamba hasira ndiyo iliyomsukuma. Ni kweli alikuwa mkali. Alipopoteza mchezo aliweza kumwambia kijana aliyemshinda, uso kwa uso, kwamba hajui kucheza. Hilo lilikuwa kosa la tabia na si la kusifiwa. Lakini hasira kama maelezo ya kazi yake haisimami hata kidogo. Julai 2001, miaka karibu kumi baada ya Umoja wa Kisovieti kufutika kwenye ramani, Korchnoi alishinda mashindano ya magrandimasta ya Biel, Uswisi, akiwatangulia Peter Svidler na Boris Gelfand. Alikuwa na miaka 70. Chuki dhidi ya dola iliyokwisha kufa haiwezi kumwonyesha mtu hatua ya 35 katika mchezo wa saa tano.

Kilichomwezesha ni kazi. Korchnoi hakuwa mtoto wa miujiza. Alizaliwa Leningrad tarehe 23 Machi 1931, akafundishwa sataranji na baba yake, na baba huyo akafa vitani mwaka 1941, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani na watu wakifa kwa njaa mitaani. Mtoto huyo alibaki ndani ya mji, akanusurika, na baadaye akafunzwa katika Kasri la Mapionia la Leningrad. Alipata cheo cha grandimasta mwaka 1956, akiwa na miaka 25. Boris Spassky, mzaliwa wa mji huohuo na mdogo kwake kwa takriban miaka sita, alikuwa amekipata mwaka mmoja kabla yake, akiwa na miaka 18. Katika fainali ya wagombea ya 1968 Spassky alimshinda Korchnoi bila taabu kubwa na kwenda kutwaa taji. Waliokuwepo wangeweza kuifunga hesabu siku hiyo.

Hawakupaswa kuifunga. Korchnoi alikutana na Spassky tena katika fainali ya wagombea ya 1977 na 1978, jijini Belgrade, akamshinda. Tigran Petrosian alimtoa mwaka 1971. Korchnoi alimtoa Petrosian mwaka 1974, akamtoa tena 1977, akamtoa tena 1980. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wapinzani wake wa rika moja walikuwa wakubwa kuliko yeye walipokuwa na miaka 30, naye akawa mkubwa kuliko wao walipofika 45. Kiwango chake cha juu kabisa, alama 2695, kilionekana kwenye orodha ya dunia ya Januari 1979, akikaribia kutimiza miaka 48, akiwa wa pili duniani nyuma ya Karpov peke yake. Ni umri ambao wachezaji wengi wa enzi hiyo walikuwa wameshaanza kukubali sare za hatua 15 ili wawahi chakula cha jioni.

Yeye hakuzipenda sare hizo. Mtindo wake ulikuwa wa kuchukua askari anayetolewa, kuvumilia shambulio, kuhesabu kila tishio, kisha kuugeuza mchezo. Ni mtindo unaochosha kuliko mingine yote, kwa kuwa kosa moja la kujilinda huua, na mshambuliaji anaweza kukosea mara mbili akabaki hai. Nadharia ya wengi inasema mzee akimbilie mchezo mtulivu. Korchnoi aliendelea kucheza ule mgumu mpaka uzeeni, akisoma mianzo mipya, akikaa kuchambua mchezo alioupoteza hata pale mpinzani alipotaka kwenda kulala.

Kama taji ndilo lililokuwa roho yake, tukio la 1983 linakuwa kitendawili. Mwaka huo alipangiwa nusu fainali ya wagombea dhidi ya Garry Kasparov, kijana wa miaka 20, huko Pasadena, Marekani. Wakuu wa sataranji wa Kisovieti walikataa kumpeleka Kasparov huko, na Shirikisho la Dunia likampa Korchnoi ushindi wa mezani. Alikuwa na miaka 52. Nafasi ya fainali ilikuwa mkononi, na kijana hatari kuliko wote duniani alikuwa ameondolewa njiani. Korchnoi alikubali mechi ichezwe upya London. Alipata kitu katika mapatano hayo, maana Wakisovieti walikubali kuacha kuyasusia mashindano aliyoshiriki. Lakini alikitoa kile ambacho wanaompa pole wanasema alikililia maisha yake yote. Alishinda mchezo wa kwanza, kisha akapoteza mechi kwa pointi saba kwa nne. Kasparov aliendelea hadi akawa bingwa mwaka 1985. Mtu aliyetaka taji kuliko kitu chochote asingeketi kwenye kiti kile. Aliketi kwa sababu alitaka kurudi kwenye mashindano makubwa, akutane na walio bora.

Na alirudi. Aliingia hatua ya wagombea mara kumi, ya kwanza Curaçao mwaka 1962, ya mwisho mwaka 1991. Katika hiyo ya mwisho alimtoa Gyula Sax na kufika nane bora kabla ya kuzuiwa na Jan Timman. Alikuwa na miaka 60.

Wapinzani wa hoja hii watasema kwamba ushindi wa uzeeni ni wa kupigiwa makofi tu, kama vile watu wanavyompigia makofi babu anayecheza ngoma harusini. Takwimu zinawakatalia. Mwaka 2006, akiwa na miaka 75, Korchnoi alishinda ubingwa wa dunia wa wazee, na huo kweli ni wa wazee. Lakini Januari 2007 alikuwa wa 85 katika orodha ya dunia ya wachezaji wote, ambayo haina safu ya wazee wala ya vijana. Hakuna aliyewahi kuwa ndani ya 100 bora akiwa na umri huo. Mwaka 2008 alikuwa bado akiichezea timu ya Uswisi kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Dresden. Mwaka 2009 akawa bingwa wa taifa wa Uswisi akiwa na miaka 78, na mwaka 2011 tena, akiwa na miaka 80. Vijana aliowashinda kwenye mashindano hayo hawakuja kumpa zawadi.

Hoja ya kwamba sataranji ni mchezo wa vijana, basi, inahitaji kurekebishwa. Umri hupunguza. Korchnoi wa 2007 hakuwa Korchnoi wa 1979, na hakuna mtu mwenye akili anayedai vinginevyo. Lakini haupunguzi kwa ratiba moja kwa wote. Emanuel Lasker alishinda New York mwaka 1924 akiwa na miaka 55, mbele ya José Raúl Capablanca aliyekuwa bingwa na Alexander Alekhine aliyekuja kuwa bingwa. Smyslov alicheza fainali ya wagombea mwaka 1984, akitimiza miaka 63. Watu wanapowataja hawa kama maajabu, wanajiondolea kazi ya kuuliza walichokuwa wakikifanya kila siku.

Wanaoshikilia kwamba mchezaji hupimwa kwa mabingwa, na wapewe kipimo chao. Korchnoi aliwashinda Botvinnik, Smyslov, Tal, Petrosian, Spassky, Fischer, Karpov na Kasparov, kila bingwa kuanzia yule aliyetawazwa mwaka 1948 hadi yule aliyetawazwa 1985. Dhidi ya Fischer, ambaye wengi humwona mkubwa kuliko wote, alitoka sawa, ushindi mara mbili kwa kila mmoja. Na orodha haikuishia hapo. Mwishoni mwa 2004, katika mashindano ya Drammen, Norwe, alimshinda grandimasta mwenye miaka 14 anayeitwa Magnus Carlsen. Januari 2011, huko Gibraltar, akiwa na kete nyeusi na miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 80, alimshinda Fabiano Caruana, Mwitaliano wa miaka 18 ambaye alikuwa ameshavuka alama 2700. Novemba 2018 Carlsen na Caruana walikaa London kuwania taji la dunia, wakacheza michezo 12 ya muda mrefu na yote ikawa sare, hakuna aliyeweza kumfunga mwenzake. Wote wawili walikuwa wamewahi kufungwa na mtu aliyezaliwa mwaka 1931.